Jibwa na Kijibwa

Mwaka 2011, mbwa wa Michigan aliyeitwa Zeus, wa mbegu ya Great Dane, alipimwa kutoka ardhini hadi begani akafikia sentimita 111.8. Mwaka 2013 akapimwa Milly, Chihuahua wa Puerto Rico: sentimita 9.65. Angepita chini ya tumbo la Zeus bila kuinama. Hata hivyo wote wawili ni spishi moja, kila mmoja akiwa na meno 42 kwa kawaida, na mimba zao huchukua takribani siku 63. Hakuna mamalia mwingine wa nchi kavu anayetofautiana ukubwa kiasi hiki ndani ya spishi yake.

Chanzo ni kidogo kuliko tofauti yenyewe. Kimo cha binadamu hutokana na maelfu ya vipengele vya urithi, kila kimoja kikichangia chembe tu; kwa mbwa, jeni chache hufanya sehemu kubwa ya kazi. Mashuhuri zaidi ni IGF1, iliyotambuliwa mwaka 2007, inayohusika na homoni ya ukuaji. Mwaka 2022 watafiti walieleza kuwa umbo lake la udogo lilikuwamo tayari katika mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi zaidi ya miaka 50,000 iliyopita, kabla mbwa hajakuwa mbwa. Udogo haukubuniwa na mtu. Mtu aliukuta, akaupenda, kisha akapitiliza.

Kupitiliza huko ni kwa juzi tu. Kennel Club, chama cha wapenzi wa mbwa, ilianzishwa London mwaka 1873, na waungwana wakaanza kuandikiana kanuni za masikio na mikia, kazi ambayo mbwa wenyewe hawakuiomba. Gharama yake ipo. Tembo humzidi panya umri kwa mbali, lakini kwa mbwa mambo ni kinyume: Great Dane huishi kama miaka minane, ilhali Chihuahua hupita 12 mara nyingi.

Wengi wa mbwa duniani, hata hivyo, hawana cheti. Ni koko: manyoya mafupi, uzito wa wastani, miguu ya kukimbilia. Akiwa mkubwa mno, jalala halimshibishi. Akiwa mdogo mno, wenzake humnyang'anya mfupa. Ukubwa wake umepangwa na njaa, mchaguzi makini kuliko kamati yoyote. Na kibao cha "Mbwa Mkali" getini, mara nyingi humhusu yeye.