Muhuri Haufuti Kosa

Barua itokayo ofisini mwa mwalimu mkuu ni somo, hata kama aliyeiandika hakukusudia kufundisha. Ndiyo maana husikitika nisomapo ilani za baadhi ya shule za Kitale na Bungoma: "mwanafunzi mwenye hajalipa karo" badala ya "ambaye hajalipa", "ana hitajika", neno moja likakatwa mawili, "elimu pora", ilhali kupora ni kunyang'anya! Mzazi anayedaiwa karo acheke au alie?

Kosa hilo la mwisho lina asili yake. Katika Lubukusu, sauti b, d na g kama zilivyo katika Kiswahili hutokea baada ya ving'ong'o tu. Kwingineko msemaji huelekea p, t na k. Hilo si aibu, wala lugha ya mama si adui. Ila ulimi ukiteleza umeteleza. Kalamu ina nafasi ya kurudi nyuma. Na "mwenye" hilo si la Wabukusu pekee. Limeenea Kenya nzima.

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza. Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Je, ni haki mwanafunzi akatwe alama katika insha kwa kosa lile lile ambalo ofisi imelipigia muhuri?

Walimu wenzangu, kila barua na ipitiwe na mwalimu wa Kiswahili kabla ya kutumwa. Nanyi wanafunzi, msilinakili kosa eti kwa kuwa lina muhuri. Liulizieni kwa adabu.