Bulalo kwa muundi wa Buyenzi

Bulalo ni supu ya Wafilipino ya muundi wa ng'ombe na uboho wake. Sifa yake imetoka Batangas, mkoa wa wafugaji kusini mwa Manila, na mji jirani wa Tagaytay, wenye baridi ya milimani, umejaa mikahawa inayoipika. Mpishi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, hataiona ngeni. Muundi, vitunguu, pilipili manga, mahindi, kabichi: vyote viko sokoni kwake. Kinachoharibu supu hii mara nyingi ni moto.

Muundi hubeba uzito wa ng'ombe, ndiyo maana umejaa kano na utando wa kolajeni. Kolajeni hulegea na kugeuka jelatini kuanzia nyuzi 70 hivi, lakini polepole mno, na hiyo jelatini ndiyo inayofanya supu igande midomoni. Ng'ombe wa Ankole aliyezeeka malishoni ana kolajeni iliyokazana kuliko ya ndama, hivyo huhitaji saa 3 au 4, pengine zaidi. Ladha yake ni nzito, inafaa kungojewa.

Bujumbura iko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapo yakifika kama nyuzi 97. Kuongeza makaa hakuyapandishi zaidi ya hapo. Moto mkali unamaliza gunia bure, tena unavuruga mafuta na povu ndani ya maji mpaka supu inakuwa na ukungu. Supu ikishachemka na povu kuenguliwa, punguza makaa, funika, uache vipovu vichache tu vipande juu.

Kazi huanzia buchani. Mfupa ukatwe kwa msumeno, maana shoka huacha vijipande vinavyovunja meno. Vipande viwe virefu, na kimoja au viwili vibaki na kifundo upande mmoja: uboho ni mafuta karibu wote, na mfupa mfupi ulio wazi pande zote mbili huumwaga sufuriani. Anayetaka uboho mzima huweka mifupa hiyo dakika 40 za mwisho. Mahindi mabichi ya Burundi ni magumu kuliko yale matamu ya Wafilipino, basi nayo yaingie wakati huohuo; kabichi ingoje dakika 5 za mwisho.

Wafilipino hukoleza kwa patis, maji ya samaki waliochachuka kwa chumvi. Ndagala wakavu wachache wa Tanganyika, waliofungwa kwenye kitambaa na kuzamishwa nusu saa, huleta utamu wa jamii hiyo.

Ndagala hao wana faida nyingine. Wazazi na wagonjwa hupewa supu ya mifupa ili mifupa yao ipate nguvu, na ni jambo la upendo kabisa, ila kalisiamu inayotoka mfupani kuingia kwenye maji ni kidogo mno, hata ikipikwa siku nzima. Ndagala anayetafunwa na mifupa yake humpa mzazi kalisiamu nyingi zaidi. Kwa hiyo wasitupwe: wafunguliwe kitambaani, wapakuliwe bakulini pamoja na nyama, ndimu ikamuliwe juu, na uboho uliwe mara moja kabla haujaganda.