Ukifika Louisiana, Muulizie Mtawala Kabla ya Babu

Wanaotafuta nasaba zao Marekani huanza na sensa. Njia hiyo huwafaa, mpaka ukoo uwafikishe Louisiana. Jimbo hilo lilianza kama koloni la Ufaransa, mwaka 1762 likakabidhiwa Hispania, likairudia Ufaransa kwa muda mfupi, na mwaka 1803 Marekani ikalinunua. Aliyebatizwa Jean huenda alifunga ndoa kwa jina la Juan na kuzikwa kama John. Asiyejua hilo huhesabu watu watatu.

Watawala wale wawili wa mwanzo walikuwa Wakatoliki, kwa hiyo vizazi na ndoa vimo katika madaftari ya kanisa. Humo mwanamke hubaki na jina la baba yake hata akiolewa, kama ilivyo kwa Waislamu wa pwani yetu, nalo ni jambo la heri kwa mtafiti. Hata leo wilaya za Louisiana, zote 64, huitwa parokia, ingawa wakuu wake si mapadri.

Utajiri wenyewe umo katika hati za watumwa. Mtu aliuzwa mbele ya mwandishi wa mikataba kama inavyouzwa nyumba: likaandikwa jina, umri, ufundi, mara nyingine na kabila. Haikuwa huruma, mnunuzi alitaka kujua amenunua nini. Mwaka 1984, katika mahakama ya Pointe Coupee, mwanahistoria Gwendolyn Midlo Hall alikuta hati za namna hiyo, akaendelea kuzikusanya kwingine hadi akapata kumbukumbu za watu zaidi ya 100,000. Wamo Wamakua, ambao ndugu zao tunao Mtwara na Msumbiji.

Sasa linganisha na sensa za Marekani za 1850 na 1860: jina ni la bwana, na chini yake umri, jinsia na rangi za watumwa. Wengi wao majina yao yaliingia kwenye sensa mwaka 1870 kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo Louisiana, ukizidi kurudi nyuma, pengine giza hupungua.

Anza basi na jina la 1870, umtafute bwana, kisha hati ya mauzo. Ukiipata, isome kwa sauti. Karani Mfaransa aliandika jina la Kiafrika jinsi lilivyomfikia sikioni, na mwenzake Mhispania jinsi lilivyomfikia yeye.