Miaka 20 Mlangoni mwa Ligi Kuu

Shabiki wa soka akianza kufuatilia besiboli ya Marekani hukwama hapa kwanza: timu haipandi daraja wala haishuki. Toledo Mud Hens wa jimbo la Ohio wanaweza kutwaa ubingwa mwaka huu, na mwakani wakabaki pale pale. Anayepanda ni mchezaji. Kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu ina timu nne za ligi ndogo chini yake, kuanzia daraja A hadi AAA, na ndiyo inayoamua nani acheze wapi.

Ngazi hiyo ina wakazi wake wa kudumu, na ninayemheshimu kuliko wote ni Mike Hessman. Atlanta Braves walimchukua mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 18. Silaha yake ilikuwa homurani, yaani kuupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja. Tarehe 3 Agosti 2015, akiwa na Toledo, alipiga homurani yake ya 433 katika ligi ndogo na kuipita rekodi ya Buzz Arlett, aliyestaafu mwaka 1937 akiwa na 432. Bezi zote tatu, yaani vituo ambavyo mkimbiaji hupitia, zilikuwa na wachezaji wenzake, hivyo pigo hilo moja lilileta pointi nne.

Na Ligi Kuu je? Aliitwa katika misimu mitano tofauti, na Braves, Detroit Tigers na New York Mets. Jumla ya mechi zake huko ni 109, homurani 14, na wastani wa kupiga 0.188, maana yake hakufikisha hata mapigo mawili safi katika kila majaribio kumi.

Sababu moja ni ya kiufundi. Mpigaji anayezungusha gongo kwa nguvu zote hukosa mara nyingi, na Hessman alitolewa kwa kukosa zaidi ya mara 2,000 katika ligi ndogo. Mrushaji wa AAA hukosea mara kwa mara akauacha mpira katikati, na hapo ndipo Hessman alipomwadhibu. Mrushaji wa Ligi Kuu hakosei hivyo mara nyingi.

Sababu ya pili huwa haisemwi vya kutosha, nayo ni nafasi. Klabu huruhusiwa kuwa na orodha ya wachezaji 40 tu wenye hadhi ya Ligi Kuu. Ikijaa, aliye nje ya orodha hiyo hapandi mpaka mwingine aondolewe. Mwaka 2007, akiwa na Toledo, timu ya AAA ya Detroit, Hessman alichaguliwa mchezaji bora wa International League, ligi ya daraja la AAA. Desemba ya mwaka huo huo Detroit wakampata kwa kubadilishana wachezaji Miguel Cabrera, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kizazi chake, aliyecheza bezi ya tatu na ya kwanza. Ndizo nafasi za Hessman. Isitoshe, klabu humpa nafasi kijana wa miaka 22 ambaye uwezo wake bado haujajulikana, ikamwacha wa miaka 30 ambaye uwezo wake unajulikana. Kwangu mimi huo ndio ukatili wa kazi hii: ukishapimika, umepitwa. Arlett mwenyewe alipewa msimu mmoja tu wa Ligi Kuu, 1931, akapiga kwa wastani wa 0.313, na hakurudi tena.

Hata hivyo, bila wakongwe hawa mfumo mzima ungekwama. Chipukizi hakui bila wenzake wa kukamilisha timu, na bila mtu mzima wa kumwonyesha jinsi ya kuvuka wiki mbili za kukosa kila kitu. Hessman alivaa medali ya shaba ya Olimpiki ya Beijing 2008, akacheza Japani mwaka 2011, akarudi, na alipostaafu mwishoni mwa 2015 Detroit wakamfanya kocha wa upigaji katika timu zao za chini.

Malipo ndiyo yaliyochelewa. Wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022 tu. Mkataba wa 2023 ulipandisha kima cha chini cha AAA kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka, wakati kile cha Ligi Kuu kilikuwa dola 720,000. Hessman alikuwa ameshastaafu miaka minane kabla.