Vazi la Kuzamia Katika Bahari ya Baridi

Baada ya sala ya Alasiri alinijia mama mmoja wa mtaani kwetu na swali ambalo sijapata kuulizwa. "Shehe, binti yangu anasomea elimu ya bahari huko Scotland. Sasa anatakiwa kuzamia, na ameniletea picha ya vazi lenyewe. Limembana kama ngozi. Nimwambie aache masomo?"

Nilimwomba muda, nikaenda kuuliza wazamiaji.

Ndugu wasomaji, vazi hilo si pambo. Bahari yetu ya Mombasa huwa baina ya digrii 25 na 29. Ile ya Scotland ni kiasi cha digrii 7 wakati wa baridi na 14 wakati wa joto. Na maji huupokonya mwili joto lake upesi zaidi ya hewa, takriban mara 25. Asiyejikinga hufa ganzi vidole, kisha fikira humpotea, naye bado yuko chini ya maji.

Vazi la kawaida hushonwa kwa neopreni, mpira uliojaa vipovu vya gesi. Maji machache huingia ndani, mwili ukayapasha moto, yakatulia papo hapo. Ndiyo maana hubana. Likipwaya, maji ya baridi huingia na kutoka kila mtu anapojinyoosha, na unene wa milimita 7 haumfai kitu. Kwa hivyo shauri nililolisikia barazani, kwamba anunuliwe kubwa kwa ajili ya stara, lina nia njema lakini ni la hatari.

Lipo vazi la pili, waliitalo vazi kavu. Shingoni na viwikoni mwa mikono lina pete za mpira zizuiazo maji. Ndani huvaliwa nguo nzito, na hewa iliyomo humo ndiyo kinga. Ni pana kama ovaroli ya fundi wa magari! Maji yakiwa chini ya digrii 10, wazamiaji wenyewe hulichagua hilo, wawe Waislamu au la. Nywele nazo husitiriwa na kofia ya neopreni.

Bei yake ni kubwa, na halivaliwi pasipo mafunzo: hewa ikikimbilia miguuni, mtu hupinduka akapaa juu kwa kasi, na mapafu yakadhurika. Nikamwambia mama, binti aazime kwanza chuoni, apimwe shingo vizuri, na aombe kufundishwa na mwanamke. Asipolipata, avae lile la kubana na juu yake shati refu na suruali pana, ila asifunike kifungo cha mshipi wa uzito, maana hicho hufunguliwa wakati wa dharura.

Mama akauliza juu ya sala. Mwezi wa Desemba jua la huko huchwa kabla ya saa kumi za jioni, Adhuhuri na Alasiri zikakaribiana mno. Na pete zile za mpira hazimruhusu mtu kutawadha. Basi azamie asubuhi, avue, atawadhe, asali kwa wakati. Mama alitoa simu palepale akampigia.