Kulala Kando ya Ziwa Wakati wa Baridi



Wengi wanawaza kama Katanga ni inchi ya jua tu, baridi ni mambo ya Ulaya. Sisi pia tuliwaza vile, mpaka siku ile ya mwezi wa saba tuliposhuka na mato mawili kwenye ziwa Tshangalele, tukalala kwa kambi ya wavuaji. Mwenzetu mmoja alileta bulangeti moja nyembamba. Saa nane ya usiku tulimukuta anaikaa karibu na majivu, meno yanagongana, hata kusema hawezi vizuri. Tulimuweka katikati yetu mpaka kulipokucha.

Ziwa hili lilitokea wakati Union Minière ilipofunga muto Lufira kule Mwadingusha. Umeme ulianza mwaka 1930. Kando yake ni matete na mahali wazi, mupepo unapita bila kizuizi. Sisi hapa tuko karibu metre 1100 juu ya bahari, na mwezi wa sita na wa saba mawingu hakuna, basi joto la udongo linakwenda zake. Usiku digrii zinashuka chini ya 10.

Sasa, ule mufuko wa kulalia wa manyoya ya bata. Watu wanasema unaleta joto. Hapana! Joto ni la mwili wako. Yale manyoya malaini ya kifua (si yale marefu ya mabawa) yanashika hewa, na hewa isiyotembea inazuia joto kutoroka. Kwa uzito mudogo hakuna kitu kinachoyapita, na ukiukunja unaingia chini ya magoti ndani ya bwato. Bulangeti tatu zinajaza bwato nzima.

Lakini adui yake ni maji. Manyoya yakilowana yanashikamana, hewa inatoka, na unalala ndani ya kitambaa tu. Na ni bwato gani isiyo na maji chini? Kwa hiyo uufunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, moja ndani ya ingine. Mufuko wa nyuzi za kiwanda ni muzito zaidi, lakini ukilowana unabakiza joto kidogo, unakauka upesi, na bei yake ni nafuu. Sisi, kwa mwanafunzi wa bwato, tungechagua huo.

Kama unakuta wa manyoya kwenye nguo za kuvaliwa za soko, uuinue mbele ya jua: mahali mwanga unapita, manyoya yamehama. Uufinye, ukikawia kuinuka, uuache. Ukinuka ukungu, uuache pia. Kwenye karatasi yake kuko mara nyingi digrii mbili: ya kulala vizuri na ya kuvumilia. Ufuate ile ya kwanza. 5 inatosha hapa.

Na usisahau chini. Manyoya unayoyalalia yanagandamizwa, hayana hewa tena. Yule mwenzetu, usiku wa pili, tulimupa bulangeti ile ile, lakini tulitandika majani makavu mingi na mukeka juu yake, mbali kidogo na maji. Alilala mpaka tulipomuamusha.