Amefiwa na Mbwa: Umpelekee Nini?

Ingia duka lolote la kadi hapa Uingereza, usogee kwenye rafu ya kadi za pole. Baada ya zile za kufiwa na mume, na mama, na babu, mara nyingi utakuta moja yenye alama za nyayo za mbwa, imeandikwa maneno ya kumfariji mtu aliyempoteza mnyama wake. Wengi wetu tuliolelewa kwa Kiswahili hucheka kidogo tunapoiona mara ya kwanza. Makala haya yanahusu siku ambayo kicheko hicho kinakatika, kwa sababu aliyeondokewa ni mtu unayemjua, na inabidi ubishe hodi kwake ukiwa na kitu mkononi.

Kwetu siku hiyo ilikuja Februari. Tunapanga nyumba moja watu watatu: mimi, ambaye wazazi wangu ni watu wa Tanga; mwenzangu ambaye mama yake ni wa Mombasa; na wa tatu ambaye familia yake ilitoka Bukavu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama wa Kiingereza aliyevuka miaka 70, mjane, na mwenzake wa pekee mle ndani alikuwa Monty, spanieli mzee aliyetubwekea kila tuliporudi usiku kutoka kazini. Monty alikufa Jumanne. Alhamisi tulimkuta jirani amesimama kando ya pipa la taka, ameshika kamba aliyokuwa akimtembezea, hajui aitupe au airudishe ndani.

Nilimpigia mama simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani mbwa naye ana matanga?"

Hakuuliza kwa dharau. Wengi wetu tunatoka katika nyumba zinazofuata madhehebu ya Shafi, ambako mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wengine tunamjua mbwa kama mlinzi wa geti mwenye jina la Simba, anayelala nje na kula makombo. Lakini ni mafundisho hayo hayo yanayosimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake. Kutomfuga mbwa ni jambo moja, na kumwonea huruma anayemlilia ni jambo jingine kabisa. Wala hakuna zawadi hata moja nitakayoitaja hapa inayokulazimu kumgusa mbwa.

Usiku ule tulianza kubishana kuhusu lugha kabla hatujafika kwenye zawadi. Tuandike nini kwenye kadi? Mwenzangu wa Mombasa alishikilia kwamba mbwa hafariki, mbwa anakufa, na tukiandika "marehemu Monty" bibi yake atacheka mpaka akohoe. Yule wa Bukavu akasema kwao mbwa alikuwa mlinzi wa nyumba, na mlinzi akifa hupewa heshima yake. Kilichotuokoa ni vitenzi tulivyovichambua darasani muhula uliopita: kufa, kufia, kufiwa. Katika kufiwa, anayeibeba sentensi ni yule aliyebaki hai. Aliyekufa anasukumwa nyuma ya "na": amefiwa na mume, amefiwa na mtoto. Sentensi haimuulizi marehemu alikuwa na cheo gani. Inatuonyesha tu mfiwa ni nani.

Na rambirambi, tangu hapo, ni za mfiwa. Marehemu hali ubani wala hahesabu michango. Kwa hiyo kubishana kama mbwa anastahili kumbukumbu ni kupoteza usiku bure. Najua "amefiwa na mbwa" itamkwaruza sikio mzee yeyote wa pwani. Sisi tuliiacha vilevile, walimu watatusamehe.

Sasa zawadi zenyewe. Ukitafuta kwenye intaneti utazama: vyombo vya majivu, mawe ya kuchonga, mikufu, fremu, mishumaa, hata mto wenye sura ya mbwa. Karibu vyote huuzwa kana kwamba wafiwa wote ni wamoja. Kabla hujalipa, kuna mambo ya kumuuliza mfiwa, au kumuuliza mtu wake wa karibu.

La kwanza ni mwili ulikwenda wapi. Hapa watu wengi huwachoma wanyama wao kupitia kwa daktari wa wanyama, na kuna namna mbili. Mnyama akichomwa pamoja na wengine, majivu hayarudi nyumbani. Akichomwa peke yake, yanarudi. Hebu fikiria umepeleka chombo kizuri cha majivu kwa mtu ambaye hana majivu wala hatayapata. Na hata kama yatarudi, chombo kina kipimo: kwa kila kilo moja ya uzito wa mbwa akiwa hai, hesabu kama mililita 36. Monty alikuwa na kilo 14 hivi, kwa hiyo angehitaji chombo cha nusu lita. Vile vidogo vya mapambo vinavyopendeza kwenye picha huingia vijiko viwili tu. Ushauri wangu ni kwamba chombo cha majivu amwachie mwenyewe achague. Ni kitu cha karibu mno.

Alama ya wayo kwenye udongo wa mfinyanzi ni zawadi nzuri sana, ila ina saa yake. Lazima ichukuliwe kabla mwili haujachomwa au kuzikwa, na kliniki nyingi hukubali kufanya hivyo zikiombwa, pamoja na kukata kishungi cha manyoya. Kama rafiki yako amekuambia kwamba mbwa wake yuko taabani, na kesho ndiyo siku ya mwisho, zawadi yako inaweza kuwa swali tu: "Ungependa niwaombe wakuchukulie alama ya wayo?" Mtu anayelia hakumbuki mambo hayo, na wiki moja baadaye hakuna fedha inayoweza kuyanunua.

Jiwe la bustanini lenye jina lililochongwa linamfaa mwenye bustani yake. Mpangaji atalihamishia wapi? Na jina uliulize herufi kwa herufi. Majina ya mbwa hutahajiwa wanavyopenda wenyewe, na jiwe halifutiki.

Maua nayo yana mitego. Ukitaka kupeleka shada la yungiyungi, uliza kwanza kama nyumbani mna paka. Yungiyungi huharibu figo za paka, hata chavua anayoilamba mwilini mwake inaweza kumuua. Kama kuna mbwa wa pili aliyebaki, acha chokoleti na keki ya zabibu kavu, maana vyote viwili ni sumu kwake. Na anayepanga kupanda waridi juu ya majivu ajue kwamba majivu hayo yana chumvi na magadi mengi, yanaweza kuichoma mizizi. Yachanganywe na udongo mwingi, au mche upandwe pembeni. Mwenye kibaraza tu anaweza kupewa chungu cha yale maua madogo ya buluu ambayo Waingereza wameyaita "usinisahau". Jina lenyewe limeshasema.

Halafu kuna zawadi zilizoandikwa habari za daraja la upinde wa mvua, ambako wanyama huwasubiri wenye wao. Utaziona kila mahali. Maneno hayo yaliandikwa Scotland mwaka 1959 na Edna Clyne-Rekhy, msichana wa miaka 19 aliyekuwa akimlilia mbwa wake Major, na kwa miaka mingi yalisambaa duniani bila jina lake. Mimi umri huo wa mwandishi unanigusa kuliko daraja lenyewe. Lakini si kila mfiwa anaamini hivyo, na wengine huona ni maneno ya kitoto. Usimpelekee mtu imani kama hujui imani yake. Jirani yetu, kwa mfano, ni mtu wa kanisani lakini hapendi mapambo ya maneno. Jikoni kwake hakuna hata kikombe chenye maandishi.

Wenyeji wa nchi hii wana historia ndefu ya jambo hili, na ukiitazama unajifunza kuchagua. Lord Byron alimjengea Boatswain, mbwa wake aliyekufa 1808, mnara pale Newstead Abbey ulio mkubwa kuliko kaburi la Byron mwenyewe. Hiyo ni pesa. Ndani ya Hyde Park, London, karibu na Victoria Gate, kuna makaburi ya wanyama yaliyoanza 1881 kwa Cherry, mbwa mdogo wa aina ya Maltese. Familia yake ilizoea kutembea bustanini humo, na mlinzi wa lango akakubali azikwe uani kwake. Wakafuata mamia, kila mmoja na kijiwe chake kidogo. Lakini mfano ninaoupenda zaidi uko Edinburgh, kwenye kaburi la Greyfriars Bobby, aliyekufa 1872. Kuna sanamu yake maarufu mtaani, lakini wageni wanaofika kwenye jiwe lake la kaburi humwachia vijiti. Vijiti vya kuokota! Hakuna duka linalouza zawadi hiyo, na ndiyo pekee ambayo mbwa angeielewa.

Wazo hilo la kijiti ndilo lililotuongoza. Tuliacha kutafuta kitu cha mbwa kwa jumla, tukatafuta cha Monty. Na tulikuwa nacho, bila kujua, ndani ya simu zetu. Kwa miaka miwili tumepiga picha za uani, za theluji, za siku ya kuchoma nyama, na Monty yumo pembeni: mkia, sikio, pua kwenye uzio. Tulipata picha 11 na video moja ya sekunde 20 anapobweka. Jirani hakuwa amewahi kuziona hata moja. Tulizichapisha, tukaweka moja kwenye fremu ya paundi 6, nyingine tukazitia kwenye bahasha. Video tulimwambia tunayo, tukamwachia aseme mwenyewe ataitaka lini. Sauti inaweza kumzidi mtu katika wiki ya kwanza. Aliiomba baada ya siku tisa.

Kama huna picha, mchango kwa jina la mbwa unafaa, na unafanana na rambirambi zetu kuliko kitu cha kuweka kabatini. Battersea, ambayo Mary Tealby aliianzisha London mwaka 1860, hupokea mbwa na paka wasio na makao. Blue Cross wao, pamoja na kutibu wanyama, wana huduma ya simu kwa wanaoomboleza mnyama. Mjulishe mfiwa kwamba umetoa, usimtajie kiasi.

Zawadi moja usiipeleke kamwe, nayo ni mbwa mwingine. Wala usiseme "utapata mwingine". Sisi tunajua adabu ya matangani: hatumwambii mjane ataolewa tena huku jamvi bado liko chini.

Na mama yangu? Baada ya lile swali la matanga alikaa kimya kidogo kwenye simu, akauliza jingine: "Huyo mama anakaa na nani? Amepika leo?" Hakuwa amepika. Hivyo zawadi ya kwanza iliyovuka uzio haikuwa fremu. Ilikuwa sufuria ya wali wa nazi na kuku, halafu mandazi. Yule wa Bukavu, ambaye hana darasa asubuhi, akaongeza la kwake. Monty alitembezwa kila siku saa moja asubuhi, na ile saa ndiyo iliyomwelemea jirani, anavaa koti kwa mazoea kisha anabaki amesimama ukumbini. Kwa wiki tatu mwenzetu alibisha hodi saa hiyo, wakazunguka njia ileile hadi mtoni na kurudi. Hakulipia hata senti.

Arobaini iliangukia mwishoni mwa Machi. Hatukusoma hitima, bila shaka, lakini tuliihesabu, kwa sababu kadi za hapa huja zote wiki ya kwanza, kisha kimya. Tulipeleka kadi ya pili, safari hii kwa Kiswahili, na tafsiri nyuma yake: "Pole sana, jirani. Bado tunamkumbuka Monty." Ameibandika kwenye friji, kando ya picha ya pua kwenye uzio. Kamba iko kwenye ndoano yake mlangoni. Na kila Jumapili nikipiga simu nyumbani, kabla mama hajaniuliza habari za mitihani, huuliza, "Yule jirani yako, anakula?"